Barua Kutoka Chekalini: Majina ya Jikoni na Majina ya Shambani



Juma hili tulikusudia kuendelea na mazungumzo yetu ya matumizi ya nyumbani, lakini tumeyaahirisha kwa sababu ya barua moja iliyotufikia kutoka mbali, nayo haikutupa nafasi ya kuiweka kando.

Barua yatoka Chekalini, katika eneo bunge la Lugari, kaunti ya Kakamega. Aliyeiandika ni dada yetu mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa bara miaka mingi iliyopita, na leo ni mke wa mkulima wa mahindi na mama wa watoto wanne. Hatutamtaja jina, kama ilivyo ada ya baraza hii. Ametuletea mashaka mawili.

La kwanza ni la binti yake, aliye kidato cha pili. Mtoto huyu tangu utotoni hutamani uuguzi. Muhula huu alirudi na karatasi ya mtihani wa kemia imejaa alama za kukosa. Aliulizwa aandike fomula ya kalsiamu naitreti, akaandika CaNO₃₂. Mwalimu akapiga mstari mwekundu pasi na maelezo. Mtoto alilia, akasema somo hilo hataligusa tena pindi atakaporuhusiwa kuchagua masomo. Ami yake akamuunga mkono, akisema kuwa yako masomo mengine mepesi zaidi kwa mtoto wa kike. Mama aliandika hivi: “Mimi niliishia darasa la nane. Zile herufi na tarakimu naziona kama maandishi ya hirizi. Nitamsaidia kwa lipi?”

La pili ni la shamba. Msimu uliopita fedha zilikuwa chache, akanunua mbolea ya kupandia kwa kupimiwa kwa mkebe, ikatiwa katika mfuko wa nailoni usio na maandishi. Chembe zake zilikuwa nyeupe, za mviringo. Aliitia shimoni pamoja na mbegu. Robo eka haikuota ila miche ya kuhesabika. Afisa wa kilimo alipoonyeshwa zile chembe zilizobaki alisema kuwa si mbolea ya kupandia, ni urea.

Dada yetu ameyaandika kama mashaka mawili. Sisi twayaona ni moja, na dawa yake ni moja: kujua jina la kitu lasema nini juu ya kitu chenyewe. Leo tutajaribu kumjibu, na kwa kumjibu yeye tutamjibu kila mama ambaye mwanawe ameketi mezani na daftari la kemia huku machozi yakimlengalenga.

Majina tuliyoyarithi

Twaanza kwa kumkumbusha mama mwenzetu kuwa kemia si ngeni katika nyumba ya Mswahili. Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu, al-kimiya, na wakubwa wetu walikuwa na chupa na vikasha vilivyojaa chumvi za namna nyingi, kila moja na jina lake. Nani miongoni mwetu hakumwona bibi akitikisa kipande cha shabu ndani ya mtungi ili maji yatulie, taka zizame chini? Nani hakusikia habari za mrututu, lile jiwe la buluu lililosagwa likatiwa kwenye vidonda? Palikuwa na shura, palikuwa na chumvi ya haluli ya kusafishia tumbo, palikuwa na magadi ya kulainishia maharage, na chokaa iliyopakwa juu ya jani la tambuu pamoja na popoo na katu. Chokaa hiyohiyo, iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, ndiyo iliyojenga na kupaka nyumba za Lamu.

Wakubwa wetu waliita vitu kwa rangi, kwa ladha na kwa kazi. Mwanakemia naye huviita kwa vilivyomo ndani yake. Kwake yeye shabu ni potasiamu aluminiamu salfeti, mrututu ni shaba salfeti, shura ni potasiamu naitreti, chumvi ya haluli ni magnesiamu salfeti, magadi ni sodiamu kaboneti iliyochanganyika na ndugu yake tutakayemtaja mbele, na chokaa ya tambuu ni kalsiamu haidroksaidi.

Tazama, ewe dada yetu: katika majina hayo yote sita, sehemu ya mwisho ndiyo inayompa mwanao taabu. Salfeti, naitreti, kaboneti, haidroksaidi. Haya ni majina ya makundi. Akiyajua makundi hayo, mlango wote umefunguka.

Kundi lisilotengana

Vitu vyote vimefanywa kwa atomi. Atomi ikipoteza chembe zake ndogo ziitwazo elektroni, au ikipokea za ziada, hupata chaji, nayo huitwa ioni. Iliyopoteza huwa na chaji chanya, iliyopokea huwa na chaji hasi. Sodiamu hupoteza elektroni moja, ikawa na chaji ya +1. Kalsiamu hupoteza mbili, ikawa na +2. Mpaka hapa wanafunzi wengi huenda vyema.

Tatizo huanza pale atomi kadhaa zinaposhikamana na kubeba chaji moja kwa pamoja. Nitrojeni moja na oksijeni tatu hushikana, zikawa kundi moja lenye chaji ya −1, nalo ndilo naitreti. Kundi hilo huingia kwenye maji likiwa kundi, hutoka likiwa kundi, huingia katika chumvi hii na ile, na katika safari hizo zote halitawanyiki. Mfano wake ni kama familia iliyoalikwa harusini kwa kadi moja: hatuandiki jina la baba kwenye kadi hii na jina la mtoto kwenye kadi ile, twaandika jina la nyumba, nao huja wote.

Yako makundi mengi, lakini kwa mwanafunzi wa kidato cha pili saba yanatosha kuanzia. Tumeyapanga hapa, kila moja na chaji yake:

Amoniamu, NH₄, chaji +1.
Haidroksaidi, OH, chaji −1.
Naitreti, NO₃, chaji −1.
Haidrojenikaboneti, HCO₃, chaji −1.
Kaboneti, CO₃, chaji −2.
Salfeti, SO₄, chaji −2.
Fosfeti, PO₄, chaji −3.

Tazama kuwa amoniamu peke yake ndiyo yenye chaji chanya. Kwa hiyo hukaa mbele, mahali pa metali. Sita zilizobaki hukaa nyuma. Pamoja na makundi haya, mtoto ahifadhi metali chache: sodiamu (Na) na potasiamu (K), kila moja +1, kalsiamu (Ca) na magnesiamu (Mg), kila moja +2, aluminiamu (Al), +3, na shaba (Cu), ambayo aghalabu huwa +2.

Huenda mtoto akauliza kwa nini sodiamu iandikwe Na na potasiamu iandikwe K. Na ni natrium, neno lililotokana na natrun, jina la Kiarabu la chumvi iliyo jamaa ya magadi yetu. K ni kalium, nalo latokana na al-qali, majivu ya mimea. Basi mtoto wa Kiislamu asijione mgeni mbele ya herufi hizo. Baadhi yake zimetoka katika ndimi za jirani.

Mizani

Sasa twafika kwenye jambo lenyewe. Fomula huandikwa kwa sharti moja tu: chaji chanya na chaji hasi zilingane, jumla yake iwe sufuri. Mfanyabiashara mwadilifu haachi mizani mpaka pande zote mbili zimekaa sawa, na mwandishi wa fomula ni hivyo hivyo.

Tuanze na shura. Potasiamu ni +1, naitreti ni −1. Moja kwa moja, mizani imekaa. Twaandika KNO₃.

Mrututu: shaba ni +2, salfeti ni −2. Mbili kwa mbili, mizani imekaa. Twaandika CuSO₄.

Sodiamu kaboneti: sodiamu ni +1, kaboneti ni −2. Upande mmoja umepungukiwa. Twaongeza sodiamu ya pili, tukaandika Na₂CO₃. Ile mbili ndogo iliyo chini ya Na yasema kuwa sodiamu ni mbili.

Sasa chokaa ya tambuu. Kalsiamu ni +2, haidroksaidi ni −1. Safari hii upande wa kundi ndio uliopungukiwa, nasi twahitaji haidroksaidi mbili. Hapa ndipo panapohitajika mabano. Tukiandika CaOH₂, ile mbili itaishika haidrojeni peke yake, oksijeni ikabaki moja. Twahitaji kundi zima mara mbili, kwa hiyo twalifunga kwa mabano, kisha twaweka mbili nje: Ca(OH)₂. Mabano ni ukuta wa nyumba. Tarakimu iliyo nje ya ukuta yawahusu wote waliomo ndani.

Na sasa twaweza kumrudia binti yetu wa Chekalini. Kalsiamu ni +2, naitreti ni −1, zatakiwa naitreti mbili. Mtoto huyu alijua hayo! Alijua kuwa ni mbili, na mbili aliiandika. Kosa lake lilikuwa kuacha mabano, na bila mabano ile tatu na ile mbili ziliungana zikasomeka thelathini na mbili, kana kwamba oksijeni ni thelathini na mbili. Jibu ni Ca(NO₃)₂. Baina ya alichokiandika na alichotakiwa kuandika pana mabano tu. Twamwomba mama amwambie mwanawe maneno haya leo usiku: hukushindwa na kemia, ulisahau ukuta.

Pale ambapo chaji mbili hazigawanyiki, twatafuta idadi inayozikutanisha. Aluminiamu ni +3, salfeti ni −2. Zakutana kwenye sita. Aluminiamu mbili zatoa sita, salfeti tatu zatoa sita, nasi twaandika Al₂(SO₄)₃. Kalsiamu ni +2 na fosfeti ni −3. Nazo zakutana kwenye sita, tukapata Ca₃(PO₄)₂. Chumvi za namna hii, zenye kalsiamu na fosfeti, ndizo zinazoipa mifupa yetu ugumu, na ndizo zilizomo katika mawe yanayochimbwa Minjingu, Tanzania, yakasagwa kuwa mbolea.

Na shabu ya bibi? Potasiamu +1 na aluminiamu +3 zafanya nne. Salfeti mbili zafanya nne. KAl(SO₄)₂. Kipande kile kigumu kina pia maji yaliyofungamana nacho, lakini hayo mtoto atayafikia kwa wakati wake.

Kutoka fomula hadi jina

Kusoma jina kutoka kwenye fomula ni kurudi kwa njia ileile. Chenye chaji chanya chatajwa kwanza, kundi lafuata. Zile tarakimu ndogo hazitamkwi. Na₂CO₃ ni sodiamu kaboneti, wala hatusemi “sodiamu mbili”, kwa kuwa mizani yenyewe yatuambia ni mbili. Metali zenye chaji zaidi ya moja, kama shaba na chuma, huandikiwa chaji yao kwa tarakimu za Kirumi. Ndiyo maana kitabuni mrututu huitwa shaba (II) salfeti.

Mtoto awe mwangalifu sana na miisho ya majina. Naitreti ni NO₃, na naitraiti ni NO₂. Salfeti ni SO₄, na salfaiti ni SO₃. Chaji ni ileile, lakini oksijeni imepungua moja. Katika Kiingereza cha shuleni tofauti hiyo ni ya herufi moja, “a” au “i”, na mtihani wake utakuwa kwa Kiingereza. Basi ayahifadhi na majina hayo kama yalivyo kwenye kitabu chake.

Vilevile kaboneti ina ndugu yake, haidrojenikaboneti, aliyeongezewa haidrojeni moja na kupunguziwa chaji moja. NaHCO₃ ndiyo baikaboneti ya soda tunayotia katika maandazi. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, Kajiado, yana ndugu wote wawili kwa pamoja, na maji ndani yake. Mwanamke anayejua kuwa magadi huuma ulimi kuliko baikaboneti tayari anajua kwa ulimi wake kile ambacho mtoto anakisoma kwa macho.

Mfuko wa mbolea ni ubao

Sasa twende shambani, maana Chekalini ni nchi ya mahindi, na mkulima wa huko hushika makundi haya kwa mikono yake kila msimu.

Mbolea ya kupandia inayojulikana zaidi ni ile iitwayo DAP. Herufi hizo zasimama badala ya daiamoniamu fosfeti, na fomula yake ni (NH₄)₂HPO₄. Mtoto asiogope urefu wake. Mbele pana amoniamu mbili, kila moja +1, zimefungwa kwa mabano. Nyuma pana fosfeti iliyobeba haidrojeni moja, kwa hiyo chaji yake imepungua kutoka −3 hadi −2. Mbili kwa mbili. Fomula yenyewe yamweleza mkulima anunuacho: amoniamu ina nitrojeni, fosfeti ina fosforasi, na fosforasi ndiyo inayohitajiwa na mzizi mchanga. Ndiyo maana hutiwa wakati wa kupanda.

Mfuko wa DAP huandikwa 18:46:0. Tarakimu ya kwanza ni asilimia ya nitrojeni, ya pili ni ya fosforasi, ya tatu ni ya potasiamu. Katika mfuko wa kilo 50, nitrojeni ni kilo 9. Ile 46 huhesabiwa kwa desturi ya zamani, kama kwamba fosforasi ni oksaidi yake, P₂O₅. Fosforasi halisi katika mfuko huo ni kama kilo 10. Sufuri ya mwisho yasema wazi: humu hamna potasiamu.

Mbolea ya kukuzia, CAN, jina lake ni kalsiamu amoniamu naitreti. Aghalabu huwa ni amoniamu naitreti, NH₄NO₃, iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, CaCO₃. Nitrojeni yake ni asilimia 26 au 27 kwa kadiri ya mtengenezaji. Hapa kundi la mbele lina nitrojeni na la nyuma lina nitrojeni, nayo ndiyo inayoyapa majani rangi ya kijani kibichi. Fosforasi hamna; kwa hiyo mwenye kupandia CAN ameunyima mzizi haki yake.

Kisha iko urea, CO(NH₂)₂. Tumeitaja mwisho kwa makusudi. Ina mabano, na mwanafunzi hudhani ni ya jamii ileile. Siyo. Ndani ya urea hamna ioni wala chaji ya kulinganishwa. Mabano yale yasema tu kuwa kipande NH₂ kimejirudia mara mbili. Mfuko wake huandikwa 46:0:0. Tazameni, enyi kina mama, ile 46 iko katika mifuko yote miwili, ya DAP na ya urea, lakini mahali pake si pamoja, na mahali ndipo penye maana. Urea ikiingia udongoni hugeuka na kutoa amonia, na amonia nyingi karibu na mbegu huiunguza kabla haijachipuka. Hayo ndiyo yaliyoipata robo eka ya dada yetu.

Hatusemi kuwa aliyempimia alikusudia kumdhulumu. Huenda naye hakujua, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi wa yaliyomo vifuani. Twasema kwamba mfuko wenye maandishi ni shahidi, na mfuko wa nailoni hauna ushahidi wowote. Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mbolea isiyofikia kiwango iliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango wa ruzuku, jambo lililofika hadi Bungeni. Walioumia walikuwa watu kama dada yetu, waliotoa fedha yao kwa kuamini jina. Kusoma jina na fomula hakumzuii mwovu kuchapisha uongo juu ya mfuko, lakini kunamzuia muuzaji kutubadilishia kitu hiki kwa kile mbele ya macho yetu.

Liko jambo la udongo pia. Amoniamu ikigeuzwa na vijidudu vya udongoni kuwa naitreti, hutoa asidi. Shamba likitiwa DAP mwaka baada ya mwaka huongezeka ukali, na mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya tayari yana asidi nyingi. Kitulizo chake ni kaboneti, yaani chokaa ya shambani, CaCO₃, baada ya udongo kupimwa.

Kisima na mtoto mchanga

Kabla ya kumaliza twapenda kugusa jambo linalowahusu kina mama hasa. Naitreti huyeyuka majini upesi, na mvua huichukua kutoka shambani na chooni hadi kisimani. Haina rangi wala harufu. Ndani ya mwili wa mtoto mchanga naitreti huweza kugeuka kuwa naitraiti, ile iliyopungukiwa oksijeni moja, nayo huizuia damu kubeba hewa, mtoto akageuka rangi ya samawati. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa, na miligramu 3 tu za naitraiti. Mtaona jinsi herufi moja ilivyo na uzito.

Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua kwa mvuke, naitreti iliyobaki huwa nyingi zaidi kwa kila lita. Basi kisima kilicho karibu na shamba linalotiwa mbolea au na shimo la choo kipimwe, na maji yake yasitumiwe kumkorogea mtoto mchanga maziwa ya unga kabla ya kupimwa. Anayenyonyeshwa maziwa ya mama yuko katika hifadhi bora. Mifuko ya mbolea isitumiwe kuwekea unga wala mahindi ya kula. Na mrututu, japo ni urithi wa bibi, ni sumu. Usiingie kinywani wala usiachwe mahali anapofika mtoto.

Usiku wa kwanza mezani

Mama wa Chekalini ametuuliza atamsaidia mwanawe kwa lipi. Jibu letu ni hili. Makundi tuliyoyaorodhesha ni saba, na siku za juma ni saba. Baada ya sala ya Isha, kwa muda wa dakika kumi, ahifadhi kundi moja: jina, fomula na chaji. Akate vipande vya boksi, kila kipande kwa kundi moja au metali moja, chaji iandikwe pembeni. Kisha ayaoanishe mpaka mizani ikae. Mama hahitaji kujua jibu. Anahitaji kushika daftari na kuuliza maswali matatu tu: chaji hizi zimelingana? Kundi limejirudia? Basi mabano yako wapi?

Mtoto anayemfundisha mama yake husoma mara mbili. Tena amletee na mfuko mtupu wa mbolea, auweke ukutani, amwambie: nieleze kilichoandikwa hapa, maana mwezi wa kupanda waja, na safari hii wewe ndiwe utakayefuatana nami dukani.

Kwa ami yake twasema kwa heshima: kaka yetu, ulimhurumia mtoto, na huruma ni jambo jema. Lakini muuguzi hupima dawa ambazo majina yake ndiyo haya haya, na nyumba yenu imekwisha kuona hasara ya kutojua. Mola wetu alimkirimu baba yetu Adam kwa kumfunza majina, wala hatukuambiwa kuwa mafunzo yale yaliwahusu wana wa kiume peke yao.

Kwa wasomaji wetu vijana, juma hili twaacha maswali matatu. Andikeni fomula ya chumvi ya haluli. Ya amoniamu salfeti, ambayo nayo ni mbolea. Na ya magnesiamu haidroksaidi, dawa ya kiungulia. Kisha mtaje ni ipi kati yake isiyohitaji mabano, na kwa nini. Majibu tutayatoa katika baraza ijayo, inshaallah, na tunatumaini la kwanza kutufikia litatoka Chekalini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awazidishie wana wetu elimu yenye manufaa, abariki mashamba ya wanaolima na riziki za wanaonunua, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotimiza vipimo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.